Mtunzi ni Nani? Chemchemi ya Bustani ya Sorolla na Kasha la Madaftari

Liko neno moja la Kiswahili ambalo sisi wahakiki tumelitumia kwa nusu tu ya maana yake. Neno lenyewe ni mtunzi. Darasani tunafundisha kwamba linatokana na kitenzi tunga: atungaye shairi, wimbo au hadithi ni mtunzi, kama vile apendaye alivyo mpenzi. Lakini sikio la mwenye lugha husikia humo kitenzi cha pili, nacho ni tunza, ambacho pia huweza kuzaa mtunzi, yaani yule alindaye, aangaliaye na ahifadhiye kitu kisipotee. Wanaisimu watatwambia, na ni haki yao, kwamba hivi ni vitenzi viwili mbalimbali vilivyokutana katika umbo moja kwa sadfa ya sauti. Sina nia ya kubishana nao. Katika insha hii nakusudia kuuliza swali ambalo sadfa hiyo inatuwekea mbele yetu: je, kazi ya sanaa inapodumu, ni nani hasa tunayepaswa kumwita mtunzi wake?

Mambo mawili yamenisukuma kuliandama swali hili. La kwanza ni bustani moja mjini Madrid, Hispania, yenye chemchemi ya kuchongwa ambayo niliitazama kwa siku mbili mfululizo mwezi Mei 2019, nilipokuwa huko kwa shughuli za kongamano. La pili ni kasha la madaftari ya marehemu ami yangu, mshairi wa Mji wa Kale, Mombasa, ambalo wakati ninapoandika limo katikati ya mjadala wa mirathi. Msomaji asistaajabu kuona mambo haya yakitiwa katika mizani moja. Nitaanza na bustani, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha namna ya kulitazama kasha.

Bustani ninayoizungumzia ni ya nyumba ya mchoraji Joaquín Sorolla, ambayo leo ni makumbusho ya taifa. Sorolla alizaliwa Valencia, kwenye pwani ya mashariki ya Hispania, mwaka 1863. Alipokuwa na umri wa miaka miwili wazazi wake wote wawili walifariki kwa kipindupindu, naye akalelewa pamoja na dada yake katika nyumba ya dada ya mama yao, ambaye mumewe alikuwa fundi wa makufuli. Yatima huyo alikuja kuwa mchoraji mashuhuri kupita wote wa nchi yake katika zama zake. Alijulikana hasa kwa namna alivyoichora nuru: jua la pwani likigonga tanga la ngalawa, mgongo wa mtoto aliyetoka baharini, shuka jeupe likipepea. Mwaka 1909 picha zake zilionyeshwa New York, na kwa muda wa mwezi mmoja tu takriban watu 160,000 wakaenda kuzitazama. Kwa mapato ya kazi hizo alijijengea nyumba Madrid, katika mtaa wa Chamberí, iliyokamilika mwaka 1911. Ndani aliweka chumba kikubwa cha kuchorea. Nje alipanga bustani kwa mkono wake mwenyewe, akiichora kwanza kwenye karatasi kisha akiipanda ardhini.

Bustani ina sehemu tatu zinazofuatana, mfano wa beti tatu za shairi moja. Ya kwanza, iliyo karibu na lango, imejengwa kwa kukumbuka bustani za kasri la Alcázar huko Sevilla: vigae vya rangi, beseni la marumaru, maji machache. Ya pili inakumbuka Generalife, bustani ya kifalme ya Granada. Humo maji hupita katika mfereji mwembamba, na vijito vidogo vinaruka kutoka pande zote mbili na kukutana juu yake. Ya tatu ina birika refu la maji yaliyotulia, nguzo zilizotambaliwa na mimea, na mwishoni mwake ndiko iliko chemchemi ya kuchongwa iliyonivuta. Wenyeji huiita Chemchemi ya Siri za Wandani, nasi tungeweza kuiita ya mnong’ono. Ni kazi ya mchongaji Francisco Marco Díaz-Pintado, mzaliwa wa Valencia kama Sorolla mwenyewe. Sanamu hiyo ni ya wanawake wawili walioinamiana, mmoja akimpa mwenziwe siri, na chini yao maji yanaendelea na kazi yake.

Siku ya kwanza niliitazama sanamu hiyo kama mwalimu wa fasihi azoeavyo kuitazama kazi yoyote, nikatafuta fani na maudhui. Nilijiuliza kwa nini siri iwekwe kando ya maji. Jibu halikuchelewa. Anayetaka kusema neno lisisikike hukaa penye sauti nyingine: penye mawimbi, penye mvua juu ya bati, au jikoni penye chungu kinachochemka. Maji ya chemchemi yanafunika mnong’ono wa wale wanawake, na kwa kuufunika yanatufanya tuamini kwamba kuna jambo linalosemwa. Kama yangezimwa, pangebaki sanamu mbili zilizofumba midomo. Fumbo katika ushairi wetu hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Muyaka bin Haji anapoficha neno la siasa ya Mombasa ndani ya taswira ya chombo na bahari, taswira ile ndiyo maji yanayoficha siri na kutangaza kwamba ipo.

Siku ya pili niliwahi asubuhi, nikakuta maji yamefungwa. Mtunza bustani, mzee mwenye viatu vya mpira vilivyomfika magotini, alikuwa amesimama ndani akisugua kwa brashi utando wa kijani ulioshika ukingoni. Alifanya kazi bila haraka, akipangusa pia majani yaliyonasa miguuni pa sanamu. Alipomaliza alitoka, akainama mahali fulani nyuma ya mimea, na baada ya muda maji yakarudi: kwanza kwa kukohoa, kisha kwa mkondo mmoja. Alisimama akasikiliza kidogo, akainama tena kupunguza, akasikiliza, kisha akaondoka. Nikatambua kwamba sauti ile niliyoipa tafsiri ndefu jana yake ilikuwa imepimwa na sikio la mtu yule. Jina lake haliko kwenye kibao chochote.

Hapo ndipo swali langu lilipoanza kuniwasha. Mgeni anayeingia makumbusho yale husema ameona chemchemi ya Sorolla. Lakini sanamu si ya Sorolla, ni ya Díaz-Pintado. Mpango wa bustani ni wa Sorolla, lakini alikwenda kuuazima Granada na Sevilla, alikosafiri mara kadhaa kati ya miaka 1908 na 1917, akichora na kukariri. Nao waliozijenga bustani za Granada walikuwa Waislamu wa Andalusia, ambao utawala wao wa mwisho ulianguka mwaka 1492. Hata lile birika la maji yaliyotulia Wahispania wanaliita alberca, neno walilolirithi kutoka Kiarabu, al-birka. Mswahili akilisikia hana haja ya mkalimani, kwa sababu sisi nasi tulilipokea neno lilo hilo likawa birika. Nilisimama pale Madrid, mbele ya maji yaliyoitwa kwa jina la maji ya uani kwa ami yangu.

Ujamaa huu wa neno una historia inayoweza kutajwa kwa miaka. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, alipita pwani yetu. Alilala Mombasa usiku mmoja, na katika mambo machache aliyoyaandika kuihusu mojawapo lilikuwa maji: visima vilivyokuwa mlangoni pa misikiti, chombo cha mti cha kutekea, na watu waliotawadha miguu kabla ya kuingia. Kisha akaenda Kilwa, ambako Sultani al-Hasan bin Sulaiman alikuwa mtawala. Kasri la Husuni Kubwa, ambalo wanaakiolojia hulihusisha na sultani huyo, lina birika la kuogea lenye pembe nane, na magofu yake yanaonekana hadi leo juu ya jabali linalotazama bahari. Karibu miaka 20 baadaye, mnamo 1350, Ibn Battuta huyo huyo alifika Granada. Katika bustani moja ya mji ule alikaa na wenyeji akiwasimulia safari zake, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo kijana mwandishi, Ibn Juzayy. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuziandika safari zile kitabuni baadaye, huko Fez, kwa amri ya sultani wa Moroko. Tunachokijua kuhusu Mombasa ya 1331 kwa njia hiyo tumekipata kwa sababu mtu mmoja alisimulia na mwingine akaandika. Vitabu vyetu vya historia humtaja wa kwanza na kumwacha wa pili.

Katika mji ule ule wa Granada, miaka michache baada ya safari hiyo, palijengwa Ua wa Simba ndani ya kasri la Alhambra. Katikati ya ua kuna chemchemi: simba 12 wa marumaru wamebeba beseni mgongoni, na ukingo wa beseni umechongwa beti za Ibn Zamrak, waziri na mshairi wa zama zile, zinazoyazungumzia maji yale yale yanayopita juu yake. Ni mara chache mhakiki hupata kuona jambo ambalo amelifundisha kwa mfano tu likiwa kitu cha kushikika. Tumezoea kusema kwamba vina na mizani ni chombo na maana ni maji. Pale Granada beti ni chombo kwa hakika, na maji ni maji. Miaka mingi imepita, mchongaji hajulikani kwa wengi, lugha ya beti haizungumzwi tena na watu wa mji, lakini shairi lingalipo mahali pake kwa kuwa karne baada ya karne alikuwapo mtu wa kuzibua mifereji.

Narudi kwa Sorolla. Kati ya 1916 na 1920, akiwa amechoshwa na kazi kubwa ya kuipambia Hispanic Society ya New York maktaba yake kwa picha za mikoa ya Hispania, alipata faraja kwa kuchora bustani yake mwenyewe katika picha ndogo ndogo: kiti kitupu, waridi, kivuli cha nguzo juu ya maji. Mwezi Juni 1920 alikuwa bustanini humo akichora picha ya mke wa mwandishi Ramón Pérez de Ayala. Kiharusi kikampiga hapo hapo, brashi mkononi. Hakuweza kuchora tena. Aliishi miaka mitatu katika hali hiyo, akafariki Agosti 1923.

Ni katika kipindi kilichofuata ambapo anaingia mtu ambaye kwangu ndiye mtunzi wa pili wa bustani ile. Clotilde García del Castillo aliolewa na Sorolla mwaka 1888. Katika ndoa yao ndiye aliyesimamia hesabu na kuziweka barua, na katika picha za mumewe anaonekana mara nyingi, akisoma, akishona, akitembea ufukweni na mwavuli. Mwaka 1925 aliandika wasia akiacha nyumba na kazi zilizokuwa fungu lake kwa taifa la Hispania ili pawe makumbusho. Alifariki mwaka 1929; milango ikafunguliwa kwa umma mwaka 1932, na mwana wao, aliyeitwa Joaquín kama baba yake, akawa mkurugenzi wa kwanza hadi kufariki kwake mwaka 1948. Sorolla aliipanga bustani, lakini bila karatasi ile ya 1925 ardhi hiyo ya katikati ya mji mkuu ingekuwa na majengo marefu, na wale wanawake wawili wangekuwa wananong’onezana katika ua wa tajiri fulani au ghalani. Makumbusho yalifungwa Oktoba 2024 kwa kazi za kuyatengeneza na kuyapanua. Tendo hilo nalo ni la kutunza: nyumba iliyopewa umma mwaka 1925 bado inadai kuangaliwa.

Najua pingamizi litakalotolewa na wenzangu, hasa wale waliokulia katika mikabala ya kimuundo. Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi katika insha yake ya mwaka 1967, na tangu hapo tumewafundisha wanafunzi wetu wasiitafute maana ya kazi katika kitanda alicholalia mwandishi wala kalamu aliyoshika. Nyumba za wasanii zilizofanywa makumbusho, watasema, ni mahali pa kuabudu masalio: kiti hiki alikikalia, kofia hii aliivaa. Pingamizi hili lina uzito, nami nakubali kwamba baadhi ya nyumba hizo ni makaburi yenye tiketi. Isitoshe, ni wasanii wangapi walio na nyumba? Sorolla aliuza picha New York. Washairi wetu wengi waliishi katika vyumba vya kupanga, wakatunga wakiwa mabaharia, mafundi, walimu wa chuo na wachuuzi.

Hata hivyo nadharia ya kumwua mwandishi inakuwa na maana pale tu ambapo matini imekwisha kuhifadhiwa. Mfaransa yule aliandika akiwa amezungukwa na maktaba. Hakuwa na hofu kwamba matini nazo zingekufa. Hali yetu ni nyingine. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mnamo 1840. Tunasoma diwani yake leo kwa sababu, miongo kadhaa baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya beti zake kutoka katika vinywa na kumbukumbu za watu wa Mombasa, na Mwingereza W. E. Taylor akashirikiana naye kuziandika na kuzifafanua. William Hichens alizichapisha mwaka 1940. Katika silabasi zetu jina la Muyaka lina sura nzima, na la Mwalimu Sikujua lina tanbihi. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mchonga milango, mwanamuziki na mshairi, na mkono wake ndio ulionakili tenzi nyingi za kale kwa hati nzuri ya Kiarabu. Leo miswada hiyo imo London na Ujerumani. Tukimwita mtunzi, tunamaanisha kitenzi kipi kati ya viwili? Kwa Kijuma haiwezekani kuvitenganisha.

Baada ya kusema hayo sasa naweza kulifungua kasha. Ami yangu hakuwa mshairi mashuhuri. Mashairi yake machache yalisomwa redioni, na machache zaidi yakachapishwa gazetini. Kazi yake ilikuwa ya ukarani bandarini. Nyumba aliyorithi kwa baba yake ni ya mawe, na uani mna kisima na birika la chokaa ambalo wakati wa utoto wetu lilijaa maji ya kutawadhia. Jioni wenziwe walikuwa wakija barazani, na majibizano yalikwenda hadi saa tano za usiku. Maji ya bomba yalipozoeleka, kisima kiliachwa. Bomba nalo lilipoanza kukauka kwa majuma, maji yakawa yanaletwa na mikokoteni ya vibarua, dumu baada ya dumu, na ami akatunga shairi refu la masikitiko ambamo birika tupu linamhoji mwenye nyumba kwa nini alilisaliti. Kwa maoni yangu ni shairi zuri kuliko mengi tunayoyatahini.

Katika miaka yake ya mwisho mtoto wa jicho aliyafunga macho yake yote mawili. Alifariki mwaka 2021. Nilipoombwa na familia kuyatazama maandishi yake nilikuta madaftari 31. Yale ya awali yameandikwa kwa hati ya Kiarabu, mkono wake. Haya ya mwisho, 11 kwa hesabu, yako katika hati za Kirumi, mkono wa mkewe, ambaye sisi sote humwita Mama. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba hata katika yale ya awali, pambizoni, mna mwandiko wake: neno limekatwa na jingine limeandikwa, kina kimerekebishwa, mahali pengine mshororo mzima umebadilishwa. Katika shairi la birika, ubeti ambao kila aliyelisikia huukumbuka, ule ambamo birika linasema kwamba ukavu wake ni kumbukumbu, upo pambizoni kwa mkono wa Mama, na ami ameuingiza katika nakala safi bila neno.

Nilimwuliza. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso.

“Mwanangu, yeye akitunga, mimi nikitunza,” alisema. “Mahali pengine kina kikimshinda. Sasa nikiache kipotee?”

Nimefundisha nadharia za uandishi kwa miaka mingi, na sijapata kusikia mjadala wetu wote ukikunjwa hivyo. Mama hakudai kuwa mshairi. Nilipomwambia kwamba jina lake linastahili kuwa juu ya jalada ikiwa mashairi yatachapishwa, alicheka, akasema jalada halijaosha sahani. Lakini mimi mhakiki sina ruhusa ya kicheko hicho. Matini iko mbele yangu na mikono yake ni miwili, na nikiandika kwamba mtunzi ni mmoja nitakuwa nimesema uongo wa kitaaluma.

Jambo la mirathi ni zito zaidi. Warithi ni watoto sita, wawili kati yao hawana kazi ya kudumu, na mmoja ana mgonjwa anayehitaji dawa kila mwezi. Yuko mnunuzi wa nyumba, naye anataka kuivunja, afukie kisima na birika, ajenge ghorofa nne za vyumba vya kupangisha. Nilitakiwa na wakubwa wa ukoo nitoe rai kama msomi wao. Ingekuwa rahisi kwangu kusimama katika baraza la familia na kuwasimulia Madrid, lakini Clotilde alitoa kilichokuwa chake, naye alikuwa na watoto wenye uwezo na dola yenye hazina ya kupokea. Mimi ningekuwa natoa cha yatima. Niliwaambia kwamba fasihi haina haki ya kumwomba mgonjwa asimeze dawa ili birika la mshairi libaki, na kwamba kuta zikiuzwa sitanung’unika. Nilichosisitiza ni madaftari: yanakiliwe yote, nakala moja iwekwe chuoni, nyingine ibaki kwa familia, na yasomwe kwa sauti mbele ya watu japo mara moja kwa mwaka, maana shairi lisilosomwa ni birika kavu, hata liwe limefungiwa katika kabati la kioo.

Nilidhani hilo lingekuwa neno la mwisho. Mama, ambaye muda wote alikuwa amekaa nyuma ya pazia na wanawake wenzake, akapaza sauti. Kwa sheria yetu mjane mwenye watoto ana thumuni. Akasema, “Thumuni yangu msinipe kwa pesa. Nipeni chumba cha uani, na kisima, na lile kasha. Nikifa viwe wakfu.”

Pakawa kimya. Mpaka leo halijaamuliwa. Mnunuzi anataka kiwanja chote au aache, na watoto wamegawanyika. Hata mimi sijui kama chumba kimoja kilichobanwa na ghorofa nne ni nyumba ya mshairi au ni ukaidi wa mjane. Lakini nimeona kwamba katika mkutano ule wa watu karibu ishirini, wengine wenye shahada, ni yeye tu aliyelitumia neno ambalo lugha yetu na sheria yetu zilikuwa nalo kwa tendo la Clotilde muda wote huo. Wakfu ni mali iliyozuiliwa isiuzwe wala isirithiwe ili manufaa yake yawafikie watu. Misikiti, visima na madarasa ya pwani yetu yamedumu kwa njia hiyo. Hatukuhitaji kwenda Hispania kujifunza kwamba kitu kizuri kinaweza kutolewa katika soko. Tulihitaji kukumbuka kwamba ushairi nao ni kitu cha kuwekewa wakfu.

Je, mhakiki anapata nini katika haya? Naona mambo mawili. La kwanza ni la kitaaluma: tunapowapa wanafunzi wetu historia ya ushairi wa Kiswahili, tuwataje waliokariri, walionakili, waliosahihisha na waliofungia makasha, tena tuwataje ndani ya sura yenyewe. Si kwa hisani. Kazi yao imo ndani ya matini na inabadili maana yake, kama sikio la mzee yule wa Madrid lilivyobadili sauti ya maji. La pili ni la uadilifu. Kuhifadhi kuna gharama, na gharama hiyo mara nyingi hulipwa na mtu asiyetajwa. Mhakiki anayedai kitu kihifadhiwe ana wajibu wa kuuliza ni nani atakayelipa. Mimi nimejiandikisha kunakili madaftari 20 ya hati ya Kiarabu, kwa kuwa kizazi cha binamu zangu hakiisomi tena. Hadi sasa nimefika daftari la saba. Mama hukaa nami jioni, na ninapokwama penye neno lililofifia yeye hulisema kwa moyo, kisha mara nyingine hunyamaza kidogo na kuniuliza kama naona jingine lingefaa zaidi.